Nyerere kwa miguu inaruhusiwa

Umeuliza kama Hifadhi ya Taifa ya Nyerere unaweza kutembea kwa miguu na mtoto wako kuangalia wanyama. Inaruhusiwa yakhe, hulazimiki kukaa garini siku nzima, ila hutoki peke yako, mbele anakwenda askari mwenye bunduki na muongozaji wa kambi ya watalii mliyofikia, nyinyi nyuma mnafuatana mmoja mmoja bila makelele. Shemegi yangu mpishi kwenye kambi moja kule Rufiji ndo kanieleza. Mnatoka asubuhi mapema jua halijachoma na wanaangalia upepo usipeleke harufu yenu kwa wanyama, kwa hiyo usitegemee kumsogelea simba kama ukiwa garini, mtaona zaidi nyayo, mavi ya tembo, ndege, na mie nahisi hiyo ndo raha yenyewe. Usivae buluu wala nyeusi, mbung'o wanazifuata rangi hizo na wanauma balaa. Mtoto wako sijui ana miaka mingapi, kambi nyingi kwenye matembezi hawachukui chini ya 12, wengine hata huyo wa 12 hawamtaki, uliza kabla hujalipa. Ndege ndogo za kutoka hapa Unguja zipo, begi liwe laini na jepesi, na Aprili na Mei usiende, masika kambi nyingi zinafungwa.