Unataka kufundisha kinanda Mbeya? Anzia kwenye kwaya

Mwanafunzi wangu wa kwanza sikumpata kwa tangazo. Nilibandika karatasi Mwanjelwa na Kabwe, nikaweka na status za WhatsApp kila siku, mwezi mzima zikaja simu mbili tu na zote zinauliza kama nauza vinanda. Nikaja kumpata kwaya, mama mmoja wa sauti ya pili alinikuta najaribu kinanda kabla ya ibada akaniambia, "Mwalimu, wangu yuko darasa la tano, hawezi kujifunza?" Nikamwambia mlete jumamosi.

Kwahiyo nenda kwa watu wanaosikia kinanda kila wiki. Huku kwetu kwaya ziko kila mtaa, Moravian, KKKT, Katoliki, na wengi wamelelewa na solfa, yaani kuimba kwa do re mi, kwahiyo usimtupie mtu nota za mistari mitano siku ya kwanza, muoneshe do iko wapi aimbe huku anabonyeza, nota za mistari zitakuja vidole vikishatulia.

Kuna kitu kinaniuma sana. Unakuta mpiga kinanda wa kanisa ana miaka mitano anapiga kwenye ufunguo wa F tu, wimbo ukihamia ufunguo mwingine anabonyeza transpozi, kile kitufe kinachohamisha ufunguo chenyewe huku vidole vinabaki palepale. Usimkataze ghafla maana jumapili ana ibada. Chukua wimbo mmoja anaoujua, aupige kwenye G wiki nzima, kibonye cheusi kipya cha kuzoea ni kimoja tu, akishakizoea ndo mwende D.

Turudi kwa yule mtoto. Kwao hamna kinanda, na wa hivyo utawapata wengi tu. Nilichukua manila nikapima vibonye vyangu, cheupe kimoja sentimita 2.3 hivi, nikachora oktava mbili, yaani do mpaka do ya juu mara mbili, vyeusi nikavipaka maka peni. Akawa anaitandika mezani kwao anaimba do re mi mwenyewe huku vidole vinatembea kwenye karatasi. Wiki ya tatu kaja kwangu, kakaa, kapanda do mpaka do ya juu, na dole gumba likapita chini ya kidole cha kati bila kusimama, mi nilibaki namwangalia tu jamani. Mama yake kawasimulia wenzie kwaya, kabla mwezi haujaisha nilikua na watoto wanne.

Hela chukua ya mwezi mzima mwanzoni. Nilianza kwa kulipwa kila kipindi, mvua za Machi zikaja watu hawatokei na mi nimeshakaa nasubiri.

Kinanda cha vibonye 61 kinatosha kuanzia, ila dukani bonyeza taratibu alafu bonyeza kwa nguvu, sauti isipobadilika kiache. Na Juni Julai na hii baridi yetu, hasa ukiwa na vipindi vya asubuhi, mtoto akifika usimkalishe kwenye kinanda hapohapo, mpe kikombe cha chai akishike kwanza mpaka vidole vilegee.