Barua kwa mwanangu Somoe, kuhusu ile kazi ya Nairobi

Mwanangu Somoe,

Marahaba, na baba yako anakuitikia pia. Ujumbe wako nimeusoma na kuurudia. Nimeona nikujibu kwa karatasi, Hamisi ataipiga picha akutumie, maana kwenye simu vidole vyangu vinachoka kabla maneno hayajaisha.

Umeniambia kampuni ya Nairobi imekupa nafasi ya kupokea simu za wateja wa Uingereza. Kwenye usaili wamekueleza wazi kwamba ofisi iliyokuwa ikifanya kazi hiyo, huko upande wa Sunderland, imefungwa na watu wake wameachishwa. Ndipo ukauliza, "Mama, nikikubali nitakuwa nimekula riziki ya mtu?"

Ungemuuliza baba yako mkubwa, angekujibu upesi kwamba riziki ya mtu hailiwi na mwingine, kila mmoja ameandikiwa yake. Hilo mimi siligombi. Lakini umeniuliza mimi, na unajua nimetoka wapi. Kwangu swali la kwanza ni lile lile mlilolisikia toka mko wadogo: nani kashika mzani?

Mikono yangu ya kiwandani unaikumbuka. Nilianza kwenye kubangua, ambako mafuta ya ganda yanakuchubua hata ukijipaka majivu, halafu nikahamishiwa meza ya madaraja. Kule nilipapenda, Somoe, sitaficha. Unachota korosho zilizomenywa, unazitandaza, jicho linachagua kabla akili haijafika. Ile ya mia na themanini ni nene, ukiiweka kiganjani unaisikia. Ya mia tatu na ishirini ndiyo ya kawaida. Namba ile ni idadi ya punje zinazoingia kwenye ratili moja, kwa hiyo namba ndogo ndiyo korosho kubwa. Nilifika mahali nazitenganisha huku naongea na mwenzangu, nikikosea ni moja moja.

Tulilipwa kwa kilo, na kilo yenyewe ya punje nzima. Vipande vilipimwa pembeni kwa bei ya chini. Jioni tunapanga mstari, msimamizi anapima, karani anaandika. Mzani ulikuwa wao, daftari lao, kalamu yao.

Kisa cha Mama Mwanahawa umekisikia nusu nusu, leo nikuandikie chote. Alianza kuona kilo zake hazilingani na mikono yake. Siku moja akaja na mzani wa dukani kwa shemeji yake, ule wa sahani mbili na mawe yake, kaufunga kwenye kanga. Akapima za kwake mezani kabla ya jioni. Alipofika kwa msimamizi, zikapungua. Kesho yake akapima zangu na za Bi Zuhura; nazo zikapungua. Hakupiga kelele. Aliuweka ule mzani mdogo juu ya meza ya karani, akasema, "Pima hapa, halafu pima hapo, sisi tunatazama." Tukaweka visu chini, meza nzima, halafu ukumbi mzima.

Waliita fundi. Mzani mkubwa ukarekebishwa. Ule msimu uliobaki tulilipwa haki yetu, na ndio msimu niliokununulia sare mpya na lile begi la bluu la darasa la tano. Nikikumbuka wanawake wale wamekaa kimya wamekunja mikono, hadi leo moyo wangu unafurahi.

Msimu uliofuata tulikwenda tukakuta malori getini. Korosho zilikuwa zinatoka ghalani zikiwa na maganda yake, moja kwa moja bandarini. Meneja hakutuzungushia. Alisema zitabanguliwa India, na akaongeza, "Huko hawana maneno mengi." Maneno hayo bado yananichoma. Si kwamba hatukujua kazi. Kazi tuliijua mpaka gizani. Ni kwamba tulijua pia kupima.

Baba yako anaamini mzani wa Mama Mwanahawa ndio uliotufungia mlango. Miaka yote hii tunabishana, na hataki kushindwa. Mimi namwambia atazame nyuma. Vile viwanda vikubwa vya serikali vilivyojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na mitambo yake kutoka Italia na Japani, vilisimama bila mwanamke yeyote kuleta mzani. Mwaka 1973/74 nchi ilivuna tani 145,000. Watu wakahamishiwa vijiji vya ujamaa, mbali na mikorosho yao, bei kwa mkulima ikawa ya kukatisha tamaa, ugonjwa ukaingia kwenye maua, na katikati ya miaka ya themanini mavuno yalishuka chini ya tani 20,000. Mitambo ikakosa cha kubangua. Na korosho ziliporudi, wanunuzi wa India walizitaka zikiwa ghafi, wakawa tayari kuzilipia palepale bandarini. Tajiri anayeweza kuuza leo akapata fedha yake leo, kwa nini ahangaike na wanawake mia kadhaa na visu vyao? Angeondoka tu. Mzani ulimpa kisingizio.

Hivyo ndivyo ninavyomwambia baba yako. Nikiwa peke yangu huwa najiuliza: kama tungevumilia zile gramu, tungepata misimu miwili zaidi? Mitatu? Halafu najijibu kwamba misimu miwili ya kuibiwa nayo ni kuibiwa. Halafu nakumbuka karo ya kaka yako mwaka ule, najibu vingine. Sijamaliza hilo jambo, na sidhani nitalimaliza.

Sasa nisikilize. Kwa muda mrefu nilimchukia mwanamke wa Kollam, huko Kerala, India, ambaye sikuwahi kumuona. Nilijua korosho zetu zinakwenda kwake. Nilimuona akilini kama mwizi. Nilipoingia uongozi wa chama cha msingi cha wakulima, tukapata semina na kuonyeshwa picha: wanawake wamekaa chini, mikono myeusi kama ya kwangu, wanalipwa kwa kilo. Na baadaye nao yakawafika. Vietnam ilileta mashine, 2006 ikaipita India kwa kuuza korosho iliyobanguliwa, na viwanda vya Kollam vikafungwa kimoja baada ya kingine. Yule niliyemuita mwizi alikuwa anafagia mbele ya geti lililofungwa, kama mimi.

Ndiyo maana nilipoona jina la Sunderland nilimwambia Hamisi anitafutie habari zake. Mji ule ulikuwa wa kuunda meli na kuchimba makaa. Karakana ya mwisho ya meli ilifungwa 1988, mgodi wa mwisho 1993, ndipo zikaja hizo ofisi za simu kuwapa watu pa kushika. Kwa hiyo yule dada wa Sunderland unayemuogopea aliipata hiyo kazi baada ya baba yake kupoteza ya kwake. Sasa imetoka kwake. Si wewe uliyeitoa, Somoe. Ilikuwa imeshatoka kabla jina lako halijaandikwa kwenye karatasi yao, na usipoichukua wewe ataichukua mwingine, Nairobi hiyohiyo au Manila, Ufilipino. Lakini usije ukajifanya humjui. Umjue. Mimi sitaki mtoto wangu aseme kuhusu mtu yeyote kwamba ana maneno mengi.

Hizi kazi za simu zina miguu kuliko korosho. Korosho inahitaji meli. Sauti inahitaji waya tu, na tangu kebo ya chini ya bahari ilipofika Dar es Salaam na Mombasa 2009 sauti ya Nairobi inafika London kama ya jirani. Zilianza kumiminika India miaka ya tisini. Wafilipino wakawapita Wahindi kwa kupokea simu, leo wanaofanya kazi za namna hiyo kwao ni zaidi ya milioni moja, na wengi wanakesha kwa sababu mchana wa New York ni usiku wa Manila. Mwaka 2011 wakafuta hata ile sheria ya zamani iliyozuia wanawake kufanya kazi za usiku. Hapo ninyi mna nafuu. Saa tatu asubuhi ya Uingereza ni saa tano au saa sita mchana ya Nairobi, kutegemea majira, kwa hiyo utalala usiku kama binadamu. Hilo ni jambo kubwa, usilidharau.

Zinaweza pia kurudi zilikotoka. Benki ya Santander ya Uingereza ilizirudisha simu zake kutoka India mwaka huohuo wa 2011, wateja walipolalamika. Na sasa kuna akili mnemba. Kampuni ya Klarna ya Uswidi ilitangaza 2024 kwamba mashine yake inafanya kazi ya watu 700 wa huduma kwa wateja, halafu mwaka uliofuata ikaanza tena kutafuta watu. Ukae ukijua.

Lakini mimi kazi yenyewe naiheshimu, na nitakwambia kwa nini. Unakumbuka ile pesa ya korosho niliyoituma kwenye namba isiyo yake, ya ada ya Hamisi? Nilipiga simu huduma kwa wateja. Kijana wa kwanza alisoma, nilimsikia anasoma. "Samahani kwa usumbufu uliojitokeza, je, kuna lingine la kukusaidia?" Nikamwambia hilo la kwanza bado. Akarudia vilevile. Nilipopiga tena akapokea binti. Aliniambia, "Mama, kaa chini kwanza. Umekaa?" Nikakaa kwenye ngazi ya ghala. Akaniuliza muda niliotuma, jina lililotokea, kama yule mtu ameshatoa. Halafu akashusha sauti: "Mfumo unanihesabia dakika. Nikikatika usipige tena, nitakupigia mimi." Ikakatika. Nikasema basi. Akapiga, Somoe, na pesa ikazuiwa kabla haijatolewa.

Sikumuuliza jina. Ninachowaza hadi leo ni zile dakika. Mimi nilipata ada ya mtoto; yeye kwenye daftari la mwajiri wake huenda siku ile alionekana mzembe, na yule kijana aliyenisomea akaonekana hodari kwa kuwa alinimaliza haraka. Ndio mzani ninaouzungumzia. Mpo kwenye viti vizuri, mna vipaza sauti masikioni, lakini jioni kuna mtu anawapima, na mzani ni wake.

Kuhusu lile la kujiita Sophie ili wateja wasihangaike, nimelisoma mara moja na sitaki kulisoma tena. Wewe una jina la bibi yako mzaa baba. Wahindi walifanyiwa hivyo miaka mingi. Kama ni sharti, basi liwe la kazini tu, mlangoni uliache. Lakini waulize kwanza kama ni sharti kweli au ni mazoea yao.

Na waulize mengine. Kwenye chama chetu, korosho zikishauzwa mnadani, mkulima yeyote anaweza kuusoma mjengeko wa bei ukutani: mnunuzi katoa kiasi gani, ushuru umechukua ngapi, ghala ngapi, magunia ngapi, chama ngapi, kilichobaki mkononi ni ngapi. Wanaume wazima wamegombana pale mbele ya karatasi ile, na ni haki yao. Nataka uombe mjengeko wa bei yako. Mwingereza anawalipa hao wa Nairobi kiasi gani kwa saa moja ya sauti yako, na wewe unapata ngapi? Najua hawatakwambia. Uliza hivyohivyo, utazame nyuso zao.

Uliza simu zako zinapimwa kwa dakika au kwa mteja aliyeridhika. Mteja aliyekasirishwa na kampuni akikupa wewe alama mbaya, unamlalamikia nani, na huyo nani yuko jengo lipi? Mkataba ni wa muda gani, na wakiuvunja wanakupa notisi ya siku ngapi? Kama Mwingereza akihamisha kazi kesho, kiinua mgongo kinatoka kwake, kwa hao wa Nairobi, au hakitoki? Mna ruhusa ya kukaa pamoja mkalinganisha stakabadhi zenu za mshahara, au ni siri? Wakisema ni siri, hapo usimame kidogo.

Baba yako anasema uende. Anasema kazi ni kazi, na Nairobi si mbali. Mimi nilikuwa nimeshaandika neno langu hapa, nikalifuta, Hamisi kaniona. Nikisema nenda, ni kwa sababu ya lile begi la bluu, na furaha ya kushika fedha yako mwenyewe ukiwa binti. Nikisema usiende, ni kwa sababu ya yale malori. Yote mawili ni yangu, si yako. Una kichwa kizuri kuliko changu wakati ule. Basi nanyamaza, ingawa unajua kunyamaza kwangu kunavyonigharimu.

Jumamosi nina mnada Nanguruwe, simu itakuwa kwenye mkoba, sitasikia. Nipigie Ijumaa baada ya magharibi unisomee majibu yao, hasa la notisi na lile la kiinua mgongo. Kabla ya hapo usisaini.

Mama yako
Mtwara, Chuno