Kalamu ya mshahara na kalamu yako mwenyewe

Waandishi wengi wa kulipwa husema hawaandiki mambo yao kwa sababu hawana muda. Nusu saa hupatikana. Tatizo ni kwamba ikipatikana, mtu anakaa mezani na kinachotoka ni ripoti: ripoti ya msiba wa shangazi, ripoti ya mtoto aliyeanza kutembea, zote zina mpangilio mzuri na zote hazina uhai.

Tazama sentensi hii: "Kutokana na hali ya kiafya ya mzazi, familia ililazimika kufanya mabadiliko katika mpangilio wa makazi." Sarufi yake ni safi, na ofisini ingepita bila swali. Sasa soma hii: "Mama alipoanza kushindwa kupanda ngazi, tulishusha kitanda chake sebuleni, na meza ya chakula tukaihamishia barazani." Habari ni ile ile. Ya pili haina pambo lolote, ila ina goti linalouma, kitanda kinachobebwa na meza iliyokosa pa kukaa.

Ofisi huandika ilivyo kwa sababu zake. Ripoti husomwa na watu wasiojuana, na wakati mwingine kazi ya sentensi ni kumficha mtu: "ilibainika kuwa", "ilionekana ni vyema", "makosa yalijitokeza". Ukiandika hivyo saa nane kwa siku, mkono huzoea. Dawa yake ni ya kuchosha lakini hufanya kazi. Chukua aya moja ya maandishi yako binafsi, upigie mstari kila jina lililotokana na kitenzi: utekelezaji, uboreshaji, ufuatiliaji, ushirikishwaji. Lirudishe liwe kitenzi, kisha umpe mtendaji. "Ufuatiliaji wa masomo ya watoto" huwa "kila jioni nilikagua madaftari yao". Majina ya aina hiyo yakizidi matatu katika aya moja, aya hiyo bado iko kazini.

Kuhusu saa ya kuandika, tangulia wewe kabla ya mwajiri, na usifungue barua pepe kwanza. Ujumbe mmoja wa mteja unatosha kukurudishia lugha ya kazi kichwani. Mwandishi Mwingereza Anthony Trollope, aliyekuwa mtumishi wa posta kwa zaidi ya miaka 30, alianza kuandika saa 11 na nusu alfajiri, nusu saa ya kwanza akisoma alichokwisha kuandika, kisha akaweka saa mbele yake na kujidai maneno 250 kila robo saa. Kasi yake usiiige. Iga ile nusu saa ya kusoma, hata ikiwa dakika tano, kwa sababu ndiyo inayorudisha sikio kwenye sauti yako kabla mkono haujaanza. Mwenye kazi nyingine aanze na maneno 200 kwa siku, siku nne kwa wiki. Hayo ni maneno 800, yaani makala moja kamili. Anayejiwekea maneno 1,000 kila siku anaweza kuacha kabla wiki haijaisha, tena akaacha akijiona mvivu.

Kwa mwenye mtoto mchanga au anayefanya kazi ya zamu, alfajiri ni ndoto. Huyo atembee dakika 15 baada ya kazi, kisha aandike kwa mkono. Kalamu ni ya polepole kuliko kibodi, na ule upole huyapunguza maneno yanayokuja yenyewe kwa mazoea.

Sasa mafunzo ya maisha. Hapa ndipo makala nyingi za binafsi huharibikia, kwa sababu mwandishi huanza na funzo, halafu anatafuta kisa cha kulibeba. Kisa kinapindwa ili kitoshee, na msomaji huhisi. Geuza mpangilio. Weka daftari dogo, na kila siku uandike mambo matatu tu: tarehe, kitu ulichokiona, na maneno yaliyosemwa kama yalivyosemwa. Mfano: "Jumanne. Babu kavaa saa iliyosimama. Kaulizwa, kajibu: 'Hii si ya kutazama.'" Ishia hapo. Usiongeze kwamba wazee wana busara, wala kwamba muda ni mali.

Kwa nini usubiri? Funzo linaloandikwa siku ya tukio mara nyingi ni la kuazima. Hutoka kwenye akiba ya semi ambazo kila mtu anazo, na huja upesi kwa sababu linatuliza. Acha wiki tatu au nne zipite, kisha soma daftari lote kwa mkupuo mmoja. Mengi yatakuwa yamepoa. Machache bado yatakuchoma bila wewe kujua sababu, na hayo ndiyo ya kuandikia. Ukimaliza rasimu, funika aya ya mwisho kwa kiganja na usome iliyobaki. Kama kisa kimeeleweka, aya ile ilikuwa hotuba. Ifute.

Kabla ya kuchapisha, soma mkataba wako, na hasa vifungu vya hakimiliki, siri za kazi na kazi za nje. Katika nchi nyingi, unachokiandika kama sehemu ya ajira ni mali ya mwajiri; kwa mwandishi wa kujitegemea hutegemea makubaliano. Maandishi binafsi yasikae kwenye kompyuta wala akaunti ya ofisi, maana siku ya kuondoka unaweza kuzuiwa kuyafikia. Kubadili jina la mwenzako nako hakumfichi ikiwa umetaja cheo, umri na namna anavyocheka. Ndugu mwonyeshe aya inayomhusu kabla haijatoka. Mtoto hawezi kukupa ruhusa ya kweli, kwa hiyo aibu zake ziache daftarini.

Faida hurudi kazini pia. Andiko la mradi linaloanza na mtu mmoja anayefanya jambo moja husomwa kwa makini kuliko linaloanza na "umuhimu wa". Kitu kimoja cha kuonekana kwa kila ukurasa kinatosha. Muhtasari wa kikao na nyaraka za sheria ziache zilivyo. Pale ukavu ni kinga, na anayetia hisia humwongezea msomaji kazi.

Wiki za kazi nzito zitakuja. Zikija, acha makala, ubaki na mistari ya daftari tu, ambayo haizidi dakika nne. Siku ulizoruka usizilipe kwa mkesha wa Jumamosi. Andika tarehe ya leo, uendelee.