Maswali na majibu: sola yako na laini ya wote

Wiki hii nimechagua maswali ya kuunganisha sola na stima ya Kenya Power peke yake, juu hizi picha za mita na waya mnazonitumia zinanitia hofu.

Nina paneli 8 na inveta. Juzi stima ilipotea saa saba mchana, jua linawaka, na nyumba yangu ikazima pia. Fundi aliniibia? – Msomaji, Kitengela

Hakukuibia, lakini hakukueleza, na hilo ni kosa lake. Hiyo inveta yako ni ya kufuata gridi, yaani laini ya Kenya Power, haina mdundo wake yenyewe, inasubiri volti 240 na hezi 50 za laini ndio nayo iingie. Laini ikifa inatakiwa ijizime ndani ya sekunde 2 na imetengenezwa hivo makusudi. Juu kuna kijana wa Kenya Power juu ya nguzo anarekebisha. Transfoma ya mtaa inashusha volti 11,000 zikufikie 240, lakini transfoma haijui mbele wala nyuma, ukiisukumia 240 kutoka kwako inapandisha kuwa 11,000 upande ule mwingine, na huyo kijana ameambiwa laini imezimwa.

Ukitaka taa wakati wa blakauti tafuta inveta ya haibridi, ile inayoweza kuwasha nyumba bila laini, na betri, alafu fundi atenge saketi za dharura: taa, friji, wifi, tivi. Shawa ya moto na pasi zibaki upande wa Kenya Power. Wengi mnataka nyumba nzima iwake na betri moja, haiwezekani, shawa moja tu ya papo kwa papo inakula wati 5,000 hivi.

Si nichomeke tu inveta kwa soketi na waya wenye plagi pande zote mbili, bora nizime mein suichi? – Wasomaji wanne, na wengine mwezi uliopita

HAPANA. Nimelijibu hili mara nyingi na bado mnaniuliza mkidhani nitachoka niseme sawa.

Kabla sijaanza kuandika nilifanya kazi ya laini. Usiku mmoja wa mvua waya ulikatika, tukazima kule juu, tukafika, na mwenzangu alikuwa ameshafunga mkanda apande, mkubwa wetu akasema hapana pima kwanza. Tukapima, laini iko na moto. Tuliizunguka mitaa karibu saa nzima tukakuta ni jenereta ya nyumba moja, imechomekwa kwa soketi ya jikoni na waya huo huo mnaoniuliza, mwenye nyumba akaapa alizima mein suichi. Alikuwa amezima ya jikoni. Mwenzangu yule alikuwa na mtoto wa wiki tatu nyumbani.

Kuna wanaoniambia inveta yao ni ndogo, itashindwa na mzigo wa majirani ijizime yenyewe. Hiyo ni kweli kama laini ni nzima. Sasa laini ikikatika hatua chache kutoka kwako, kile kipande kilichobaki kina nyumba moja au mbili, mzigo hakuna, inveta yako inakibeba vizuri kabisa, na hapo ndipo watu wa kurekebisha wanakuja kushika. Na huo waya ukichomoka upande wa soketi, meno ya plagi yako wazi na volti 240 na mtoto anatambaa sakafuni.

Nunua chenjova suichi. Iko na sehemu tatu, Kenya Power, katikati sifuri, na sola, na kwa ndani imefungwa kwa chuma hivi kwamba pande zote mbili haziwezi kuingia pamoja hata ukiwa na usingizi. Kumbukumbu ya mtu saa nane usiku sio kinga.

Tokeni zinaisha haraka kuliko kabla sijaweka sola! Hii ni uchawi? – Mama Salome, Ruiru

Mama, ni mita. Mita nyingi za tokeni hazijui kutofautisha stima inayoingia na inayotoka, zinahesabu tu kwamba kuna kitu kimepita, kwa hivo mchana mkiwa kazini paneli zinatoa ziada inarudi kwa laini na wewe unailipia kama umeitumia. Mita zingine zinaona umeichezea zinakata kabisa. Mwambie fundi aweke sensa ya CT, kile kipete cha kupima stima inayopita kwa waya, pale stima inapoingia nyumbani na aiseti inveta isitoe chochote nje. Na muulize kwa nini hakufanya hivo siku ya kwanza.

Nataka nijaze paa paneli niuzie Kenya Power, nitalipwa pesa ngapi kwa mwezi? – Mzee wa shamba, Nakuru

Mzee wangu, hulipwi pesa. Sheria ya Kawi ya 2019 ilifungua mlango kwa mtu mwenye mtambo usiozidi megawati 1, kanuni zake zikatoka 2024, na unachopata ni unit za kukatwa kwa bili yako, nusu ya zile ulizotoa. Umepeleka 100 unarudishiwa 50. Lazima uombe, ukubaliwe, na uwekewe mita inayohesabu pande zote mbili.

Nusu inawauma wengi na ninawaelewa, lakini angalieni pia saa. Nchi inataka stima zaidi jioni watu wakirudi nyumbani, na paneli zako saa hiyo zimelala. Kwa hivo ushauri wangu ni ule ule, unit unayoitumia mwenyewe mchana inakuokolea bei nzima, ile unayoisukuma nje inakuokolea nusu. Pampu ya maji iwake saa tano asubuhi. Mashine ya kukata nyasi za ng'ombe, saa sita. Hamisha kazi kwanza ndio uongeze paneli, na yeyote anayekuambia paa lako litakuwa mshahara anataka kukuuzia paneli.

Nyumba ya vyumba vitatu inahitaji paneli ngapi?

Vyumba havili stima. Niletee unit zako za miezi mitatu na uniambie ngapi unatumia mchana.

Inveta ya kampuni gani ni nzuri?

Sitaji. Omba cheti cha IEC 62116, ndicho kinachoonyesha imepimwa kujizima laini ikifa. Muuzaji asipokijua, toka.

Betri ya gari itafanya kazi? – Kijana, Bungoma

Kwa muda mfupi. Imetengenezwa kuamsha injini, sio kunyonywa usiku kucha.

Paneli zielekee wapi?

Tuko kwenye ikweta, usihangaike sana. Ziinamishe digrii 10 hadi 15 mvua ioshe vumbi.

Fundi wangu anasema leseni ni ya kula pesa tu, amefunga sola nyingi na hakuna iliyoungua. – Msomaji, Mtwapa

Kazi ya kuunganisha na gridi inataka fundi mwenye leseni ya daraja la T3 ya EPRA, mamlaka inayosimamia kawi, iko kwenye kanuni za sola tangu 2012. Zile alizofunga hazijaungua, sawa, lakini ameshazima mein suichi mbele yako akapima kama kuna moto unatoka kwenda nje? Mwambie afanye hivo kesho ukiwa umesimama hapo, na ukiwa pwani muulize pia ametumia bolti gani, juu chumvi ya bahari inakula chuma cha kawaida na paneli zikiruka na upepo zinaangukia jirani.