Ukiambiwa damu imepungua, uliza imepungua kwa nini

Hapa Kigoma mtu akipauka viganja na kuanza kuhema kila akipanda kilima kutoka Kibirizi, washauri hawakosekani. Kunywa rozera. Kula matembele. Pitia duka la dawa uchukue vidonge vya kuongeza damu. Rozera naipenda, na matembele yakiungwa kwa mawese sina ugomvi nayo. Ila miaka niliyokaa maabara nikichungulia damu za watu kwenye hadubini imenifundisha kwamba upungufu wa damu ni dalili. Ugonjwa wenyewe bado unatafutwa.

"Ana damu ngapi?" ndilo swali la wodini, na jibu huja kwa tarakimu: tisa, saba, tano. Hiyo ni hemoglobini, kitu chekundu ndani ya chembe za damu kinachobeba oksijeni, kwa gramu kwa kila desilita. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, mwanaume mzima ana upungufu akiwa chini ya 13, mwanamke asiye mjamzito chini ya 12, na mjamzito chini ya 11, isipokuwa miezi ya katikati ambapo kikomo ni 10.5. Tarakimu hiyo inakueleza hali ni mbaya kiasi gani, basi. Watu wawili wenye saba wanaweza kuwa na magonjwa yasiyohusiana kabisa.

Ndiyo maana nawaambia ndugu na majirani: ombeni FBP, kipimo cha picha kamili ya damu, na karatasi yake msiitupe. Shuka chini ya mstari wa hemoglobini utakuta MCV, yaani ukubwa wa wastani wa chembe nyekundu. Kwa mtu mzima kawaida ni 80 hadi 100.

Ikiwa chini ya 80, chembe ni ndogo, na mara nyingi mwili umeishiwa madini ya chuma. Kwenye slaidi, kile kioo chenye tone la damu kinachowekwa chini ya hadubini, utaziona zimepauka katikati, zimebaki na ukingo mwembamba tu wa wekundu. Hapo ndipo vidonge vya chuma vinafanya kazi yake. Lakini chuma kimekwenda wapi? Kwa binti huenda ni hedhi nzito. Kwa mkulima anayelima pekupeku inaweza kuwa safura, minyoo inayonyonya damu utumboni. Ukimpa chuma bila dawa ya minyoo utakuwa unawalisha wao. Na mwanaume mzima, au mama aliyekwisha koma hedhi, asikubali kuondoka na vidonge tu. Achunguzwe kama kuna kidonda au uvimbe unaovuja damu tumboni.

Ikizidi 100, chembe ni kubwa: upungufu wa foliki au vitamini B12, pombe ya miaka mingi, ini. Hapa kuna mtego. Foliki peke yake inaweza kupandisha damu ya mtu aliyepungukiwa B12, huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika, miguu ikifa ganzi.

Katikati, 80 hadi 100, ndiko kwenye mchanganyiko: damu iliyomwagika ghafla, figo zilizochoka, maradhi ya muda mrefu, malaria na sikoseli, ugonjwa wa kurithi unaopinda chembe nyekundu. Kipimo cha retikulosaiti, yaani chembe changa, husaidia kutenganisha. Zikiwa nyingi, uboho wa mifupa, kiwanda cha damu, unajitahidi na damu inapotea au inavunjwa. Zikiwa chache, kiwanda chenyewe kimelegea.

Sikoseli nitaikazia, maana nimeona watoto wakinyweshwa chuma kwa miezi bila mtu kuangalia slaidi. Ukiangalia, chembe zilizopinda zinajionyesha zenyewe. Chembe ya kawaida huishi siku kama 120. Ya mtoto huyu huishi wiki mbili tatu hivi. Tatizo lake ni chembe kuvunjika, na mtoto aliyeongezewa damu tena na tena anaweza kuwa na chuma cha ziada kinachomdhuru. Macho ya manjano, vidole kuvimba, maumivu ya mifupa yanayorudi: mpeleke akapimwe sikoseli. Na mtoto aliyepauka huku anapumua haraka asisubiri rozera wala kesho.

Kwa aliyethibitika kupungukiwa chuma, asivimeze vidonge kwa chai. Chai huzuia chuma kisifyonzwe. Chungwa au limau husaidia. Choo kitakuwa cheusi, asitishike. Damu ikishafika kiwango chake aendelee miezi mitatu hivi, kwa sababu akiba ya mwili hujaa polepole.

Lakini mwezi mmoja tu baada ya kuanza vidonge, arudie kipimo. Hemoglobini inatakiwa iwe imepanda walau gramu moja. Kama haijapanda, ama vidonge viko kabatini, ama vinamezwa na chai, ama damu bado inavuja mahali, ama tangu mwanzo haikuwa ya chuma. Arudi kwa daktari na karatasi zote mbili mkononi.