Maswali ya Wasomaji: Je, kompyuta mpya haitoshi kuharakisha hifadhidata?

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta, mwaka wa pili. Mhadhiri wetu alitueleza kwamba wako watafiti ambao kazi yao ni kuchunguza jinsi mifumo ya hifadhidata inavyotumia maunzi ya kisasa. Sikuelewa haja ya utafiti huo. Ikiwa prosesa na kumbukumbu zinazidi kuboreshwa, si programu ileile itaongeza kasi yenyewe? Na anayetaka kuingia katika fani hiyo aanzie wapi?

JIBU: Dhana yako ilikuwa sahihi kwa muda mrefu. Baada ya Edgar Codd wa IBM kuchapisha makala yake ya mwaka 1970 kuhusu modeli ya mahusiano, yaani kupanga data katika majedwali, mifumo iliyofuata ilijengwa juu ya ukweli mmoja usiopingika, yaani kwamba diski ndiyo mzigo. Kusogeza kichwa cha diski hadi mahali data ilipo huchukua takriban milisekunde 10, ilhali kufikia kumbukumbu kuu huchukua takriban nanosekunde 100, tofauti ya mara laki moja. Mbele ya pengo hilo, mhandisi alikuwa na kila haki ya kupuuza gharama nyingine zote na kuelekeza akili yake katika kupunguza safari za kwenda kwenye diski.

Hali ilibadilika kumbukumbu zilipokuwa kubwa na bei yake kushuka, kiasi kwamba hifadhidata nyingi zikaweza kukaa humo nzima. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba sehemu za kompyuta hazikukua kwa mwendo mmoja. Prosesa ya gigahezi 3 hupiga mizunguko 3 katika kila nanosekunde, hivyo inapoagiza data kutoka kumbukumbu kuu inaweza kupoteza mizunguko ipatayo 300 ikisubiri. Mwaka 1999 Anastasia Ailamaki na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walipima mifumo minne ya kibiashara huku data yote ikiwa tayari ndani ya kumbukumbu, wakakuta kwamba, kwa wastani, karibu nusu ya muda prosesa ilikuwa imekwama. Mwaka huohuo, Peter Boncz, pamoja na Stefan Manegold na Martin Kersten wa taasisi ya utafiti ya CWI, Amsterdam, walifikia hitimisho la aina hiyo: kizingiti kipya ni kuifikia kumbukumbu. Kwa hiyo ukinunua prosesa yenye kasi zaidi na kuiwekea programu iliyoandikwa kwa ajili ya enzi ya diski, sehemu kubwa ya ulichonunua ni uwezo wa kusubiri kwa haraka zaidi.

Tuchukue mfano wa hesabu. Prosesa haichukui baiti mojamoja kutoka kumbukumbu. Katika mashine nyingi za leo huchukua fungu la baiti 64 na kuliweka katika kashe, ile kumbukumbu ndogo iliyo karibu nayo. Tuseme jedwali lina safumlalo milioni moja, kila moja ina baiti 200, nawe unataka wastani wa umri, ambao unachukua baiti 4. Data ikiwa imepangwa safumlalo kwa safumlalo, kila umri utakulazimisha kuleta angalau fungu moja zima, utumie baiti 4 na kuziacha 60 bila kazi, na hayo ni mafungu milioni moja. Ukizipanga thamani za umri peke yake, moja baada ya nyingine, fungu moja litabeba umri 16, na mafungu yatakuwa 62,500. Algoriti haikubadilika hata kidogo. (Ni kweli kwamba prosesa za kisasa hukisia fungu litakalohitajika na kulileta mapema, hivyo muda halisi haupungui kwa uwiano huohuo, lakini baiti zilizosafirishwa bure zimesafirishwa.)

Mpangilio wa data ni nusu tu ya suala. Nusu ya pili ni namna swali, yaani ombi la data linalopelekwa kwa hifadhidata, linavyotekelezwa. Mifumo mingi ilifuata mtindo ambao Goetz Graefe aliueleza katika mfumo wa Volcano, ambapo kila hatua ya kazi huiomba hatua iliyo chini yake safumlalo moja, kisha nyingine, hadi ziishe. Ni mtindo mzuri kwa macho ya mhandisi, lakini kwa prosesa unamaanisha miito mingi sana kwa kazi ndogo sana. Mwaka 2005 kundi la CWI lilionyesha faida ya kupitisha thamani zipatazo elfu moja kwa mkupuo, na mwaka 2011 Thomas Neumann wa Munich akachapisha njia tofauti, ya kuligeuza swali lenyewe kuwa msimbo wa mashine kabla ya kulitekeleza. Hadi leo wataalamu wanabishana ipi ni bora, na kwa maoni yangu ubishi huo una tija, kwa kuwa kila upande una maswali ambayo unashinda.

Fani hii ina hatari zake pia. Baadhi ya watafiti walitumia miaka mingi kubuni miundo ya kumbukumbu isiyopoteza data umeme unapokatika, kisha mwaka 2022 Intel ikatangaza kusitisha biashara ya Optane, bidhaa iliyojulikana zaidi ya aina hiyo. Anayeandikia maunzi mahususi hubeba hatari asiyoweza kuidhibiti.

Kuhusu pa kuanzia, usikimbilie kuandika mfumo mzima. Andika programu mbili fupi katika lugha ya C, moja ikisoma jedwali lililopangwa kwa safumlalo na nyingine kwa safuwima (thamani za aina moja pamoja, kama zile za umri hapo juu), zikikokotoa wastani uleule. Hakikisha jedwali ni kubwa kuliko kashe ya mashine yako, la sivyo tofauti utakayoiona itakupotosha. Kisha tumia zana ya perf ya Linux kuhesabu ni mara ngapi data ilikosekana katika kashe, na ulinganishe hesabu hiyo na muda uliotumika. Ongeza idadi ya safuwima zinazohitajika katika swali, moja baada ya nyingine, uone ni wakati gani, kama upo, mpangilio wa safumlalo unaanza kushinda.