Uliweka, ulibandika au uliangika? Vitenzi vya mtu anayerembesha jikoni mwenyewe

Swali: Mwalimu shikamoo. Nimemaliza kurembesha jiko langu mwenyewe bila fundi, lilikuwa makabati meupe tu na ukuta mtupu, sasa hivi lina ile sura ya vijumba vya zamani vya shamba. Nimeandika maelezo ili wenzangu nao wafuate: "Niliweka mbao nyembamba kwenye ukutani, niliweka rafu, niliweka ndoano za kuweka vikombe, niliweka kichanja cha sahani, niliweka pazia chini ya sinki, niliweka vishikio vipya na mwisho niliweka rangi." Dadangu kasoma akaniuliza mbona kila kitu umeweka, hiyo rafu imeshikwa na nini? Je, weka ni kosa? Na niseme jiko langu au jikoni kwangu?

Jibu: Marahaba mwanangu, na hongera sana kwa kazi. Weka si kosa, ni Kiswahili safi kabisa, ila inasema jambo moja tu, kwamba kitu kilikuwa mkononi mwako na sasa kipo mahali. Ukiweka kikombe mezani mtu akipita anakichukua tu, hakuna cha kufungua wala cha kubandua. Ndo maana dadako akauliza, manake hajaambiwa kama akiigusa hiyo rafu itabaki au itamwangukia. Kiswahili kina vitenzi vingi vya kazi hii na kila kimoja kinakuambia kitu kimeshikwaje pale kilipo, na vingi vyao vina mwenzake wa kukitoa. Sasa mtu anayeandika maelezo ili wengine wafuate akiviacha hivyo vyote akashika weka peke yake, anakuwa kama amewapa picha bila vipimo.

Tuchukue zile mbao za ukutani. Kama ulizipaka gundi nyuma ukazigandamiza basi umezibandika. Bandika ni kitu kulala bapa juu ya kingine, uso kwa uso, kama stempu kwenye bahasha, na hata sufuria tunaibandika jikoni kwa sababu kitako chake kinakaa juu ya moto. Kinyume chake ni bandua, na zikitoka zenyewe bila mtu kuzigusa zimebanduka, neno utakalolihitaji sana hapo karibu na sinki kwenye maji na mvuke kama uliamini gundi peke yake. Kama ulipiga misumari umezigongomea, wengine wanasema kongomea au pigilia, zote sawa, na kuing'oa misumari hiyo ni kukongoa, neno zuri ambalo naona linaanza kusahaulika na mimi naomba tulirudishe. Kama ulifanya vyote viwili basi sema vyote viwili, "nilizibandika kwa gundi kisha nikazigongomea kwa misumari midogo," hapo msomaji keshajua atafute nini na aanze na kipi.

Hapo hapo kuna kosa nataka nilitaje kwa sababu nakutana nalo kila siku, mtu anaandika "mbao zimebandika ukutani." Hapana. Hiyo -ika ya bandika sio ile ya vunjika na katika, ile inasema kitu kimepatwa na hali, hii ya bandika ni ya kutenda, ni mtu anafanya. Kwa hiyo mbao zimebandikwa, au kama unataka kusema zimeshika vizuri sema zimeganda, zimenata. Ukitaka kuitambua hii -ika angalia kama ina mwenzake wa -ua: bandika bandua, funika funua, anika anua, tandika tandua, chomeka chomoa, ezeka ezua. Ukishaiona hiyo jozi huwezi kupotea tena.

Na jozi ninayoipenda kuliko zote ni angika na angua. Angika ni kuning'iniza kitu juu, angua ni kukishusha, ndo tunaangua matunda mtini, sasa kikishuka chenyewe? Kimeanguka. Hili neno anguka tunalitamka tangu utotoni na wengi hawajui kwamba ni ndugu wa angika, kwamba ndani yake kuna kitu kilichokuwa juu. Kwa hiyo vile vikombe vyako chini ya rafu vimeangikwa au vimetundikwa, yote mawili yanafaa, mimi masikio yangu yanasikia tundika zaidi kwenye ukuta na msumari kama picha au kofia, na kinyume cha tundika ni tungua. Ning'iniza tumia pale unapotaka msomaji aone kitu kinabembea.

Kwenye hivyo vikombe umesema ndoano. Watu watakuelewa, ila ndoano kwa wengi ni ile ya samaki, ya kutundikia inaitwa kulabu. Na umesema "ndoano za kuweka vikombe," hapo umeacha herufi moja inayobeba kazi yote. Chombo kinachotumika kufanyia jambo kinataka kitenzi cha kutendea: kulabu za kutundikia vikombe, brashi ya kupakia rangi, kibao cha kukatia mboga, kitambaa cha kufutia sahani. Ukisema "kibao cha kukata mboga" ni kama kibao chenyewe ndo kinakata. Hili kwenye mazungumzo linapita bila mtu kushtuka lakini kwenye maelezo ya kazi naomba sana lisipite.

Rafu sasa. Kama imekaa juu ya vyuma na vyuma vimeshikwa na skrubu, basi vyuma umevifunga kwa skrubu, skrubu umezikaza, na rafu ukaiweka juu yake, hapo weka inarudi kwa haki yake kabisa. Skrubu tunaikaza na kuilegeza, hatuigongomei, na mtu akisoma umegongomea skrubu atachukua nyundo aharibu ukuta. Jina lake lingine ni parafujo, limetoka kwenye Kireno sawa na neno meza, Wareno walifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1498 na wakaacha maneno mengi kwenye ufundi na vitu vya nyumbani. Tumia lolote, ila usichanganye yote mawili kwenye maelezo yale yale msomaji akadhani ni vitu viwili. Halafu kama ulitumia kipande kimoja cha mti kwa rafu, sarufi inasema ubao mmoja, mbao mbili. Mafundi wenyewe wanasema "mbao moja" na siwakatalii, kwa sababu ubao siku hizi wengi wanafikiria wa darasani, ila kwenye maandishi mimi bado naandika ubao mmoja.

Sahani zilizosimama kwenye mianya ya kile kichanja umezipachika, pachika ni kuingiza kitu kwenye nafasi kikabanwa pande mbili. Kichanja chenyewe kiseme kwa namna ulivyokifunga. Vishikio usiseme umevipachika kama vina skrubu inayotokea ndani ya mlango wa kabati, hivyo umevifunga, na kabla ya kuvifunga ulitoboa tundu, au ulitumia tundu la zamani, jambo ambalo mwenzako atataka kulijua kwa sababu kishikio kipya kikiwa na skrubu mbili na umbali wake si sawa na wa zamani itabidi aanze kuziba matundu. Pazia la chini ya sinki kama ulinyoosha waya ukaupitisha kwenye upindo wa kitambaa basi sema hivyo hivyo, ulipitisha waya kwenye pazia.

Rangi tunapaka. "Niliweka rangi" inanipa picha ya mtu anayeimimina kwenye kitu. Unaweza kusema nilipaka kabati rangi au nilipaka rangi kwenye kabati, yote sahihi, kabati likianza linapata uzito zaidi, rangi ikianza macho yanaenda kwenye rangi. Wengi wanasema piga rangi na mimi nasema hivyo nyumbani. Ila usiruke yaliyotangulia, kwamba uliosha mafuta ya mapishi, ukapiga msasa, ukafuta vumbi, manake rangi juu ya mafuta inabambuka, sio inabanduka. Kinachobanduka ni kitu kilichobandikwa kikatoka kizima, kinachobambuka ni ngozi, ganda au rangi inayotoka magamba magamba.

Halafu "kwenye ukutani" ondoa moja, kwenye ukuta au ukutani, hizo mbili zinafanya kazi ile ile.

Kuhusu swali lako la mwisho. Jiko ni kifaa cha kupikia na pia ni chumba, kwa hiyo ukisema "nimerembesha jiko langu" kuna atakayedhani umechora maua kwenye jiko la gesi. Ukitaka chumba kieleweke sema jikoni, na jikoni ikishapata hiyo -ni inakuwa mahali na inaacha kabisa ngeli ya jiko, kwa hiyo "jikoni yangu" na "jikoni langu" hayapo. Ni jikoni kwangu ukizungumzia eneo kwa ujumla, jikoni mwangu ukiwa unasema yaliyo ndani, jikoni pangu mahali penyewe hasa. Wewe unaeleza vitu vilivyo ndani ya chumba kile, mbao, kulabu, rafu, pazia, basi andika jikoni mwangu: "Jikoni mwangu nimebandika mbao nyembamba ukutani na kuzigongomea, nimefunga rafu ya kuwekea mitungi, na chini yake nimetundika vikombe kwenye kulabu." Mwoneshe dadako hiyo kabla ya kuwatumia wengine.